Makuti Peke Yake Hayatoshi

Siku hizi hapa pwani ya kusini hoteli ikiezekwa makuti na kuweka kikaratasi bafuni kumwomba mgeni asibadilishiwe taulo kila siku, basi yajiita rafiki wa mazingira. Mimi nauliza swali moja tu: maji yake inayatoa wapi?

Sisi wa Waa jirani zetu ni Tiwi, na visima vya Tiwi ndivyo vinavyopeleka maji Ukunda, Diani na hata Likoni. Maji hayo yamo chini ya ardhi, karibu na bahari. Yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi huingia. Mfereji wetu nyumbani ukikauka, mama hujitwika ndoo, na wakati huo huo kuna nyasi za hotelini zinanyunyiziwa!

Hebu tutazame Chumbe, kisiwa kidogo karibu na mji wa Unguja, ambacho hupokea wageni tangu 1998. Mvua huangukia paa la makuti, maji yakachujwa na kuwekwa katika birika chini ya nyumba. Umeme ni wa jua, na choo hakivutwi kwa maji. Makuti yale yana kazi, si pambo.

Mtasema, jamani, Chumbe ni nyumba saba tu, hoteli ya Diani ina mamia ya vitanda. Kweli, na bei ya Chumbe si ya watu kama sisi. Lakini masika yetu si haba, na paa la hoteli ni kubwa kuliko la bweni letu. Ianze basi kukinga maji ya bustani.