Kabla ya Kupiga Yowe la Mwizi

Ndugu zangu wa Ibanda, Kadutu na Bagira, nanyi jamaa wa Idjwi mnaoshuka bandarini Bukavu na mananasi yenu: nina ombi, na nawasihi mnivumilie nikilieleza kwa kirefu kidogo.

Mnajua yaliyotupata Februari 2025. Vita vilipoingia mjini, gereza kuu likabaki wazi na silaha zikatupwa ovyo, zikaokotwa na yeyote aliyezitaka. Wizi wa usiku ukazidi, na mayowe yakazidi nao. Mtu anaitwa mwizi, vijana wanatoka na mawe na petroli, na kukipambazuka hakuna anayeweza kusema marehemu alikuwa mtoto wa nani. Siwezi kuwahubiria kana kwamba hofu yenu ni upuuzi. Mama aliyevunjiwa mlango, akapiga simu asijibiwe, ana kila sababu ya kukasirika. Lakini kundi lenye mawe halina namna ya kujua kama limemkamata aliyeiba au aliyekuwa akipita tu.

Ninachoomba ni kwamba tuwatazame majirani zetu wa ziwani. Idjwi, kisiwa cha ziwa Kivu, ina watu wapatao laki tatu na chefferie mbili, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini. Umaskini wake tunaujua, wala haushindwi na ule wa Kalehe au Masisi. Mwaka 1994 kisiwa kilipokea maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda. Tangu 1996 majeshi na makundi yamepishana kwenye kingo zote mbili za Kivu, na bado kwa miaka mingi Idjwi haikuzaa kundi la silaha la kwake. Mtafiti Séverine Autesserre aliona jambo hilo kuwa kubwa kiasi cha kufungua nalo kitabu chake cha 2021, The Frontlines of Peace. Alichokuta huko hakikuwa polisi wengi, maana polisi wa Idjwi walikuwa wachache mno kwa kisiwa kikubwa hivyo. Alikuta watu wa kawaida, hata maskini kabisa, wanaoona ugomvi wa jirani kuwa kazi yao. Shauri huanzia kwa jirani, likaenda kwa wazee, kwa kanisa, kwa chama cha akina mama au cha vijana, na familia nyingi zimefungwa na kunywana: waliochanjiana damu hawawezi kudhuriana.

Wanasosholojia wamelisema hili kwa njia yao. John Braithwaite, Mwaustralia, aliandika mwaka 1989 kwamba aibu ni za aina mbili. Ipo aibu inayokilaani kitendo lakini ikamwachia aliyekosa njia ya kurudi, na ipo inayomgandisha mtu katika kosa lake maisha yote. Ya kwanza hupunguza uhalifu, ya pili huuzalisha. Miaka 26 kabla yake, Mmarekani Howard Becker alikwisha kuonya kwamba mhalifu ni yule aliyebandikwa jina hilo likamganda, na wenye nguvu ya kubandika majina huwa hawajibandiki wenyewe. Naona wote wawili wangeielewa Idjwi upesi kuliko wengi wetu tunaoishi saa chache tu kutoka huko kwa boti.

Chukueni habari ya kahawa. Kwa miaka mingi mkulima wa Idjwi alikuwa na kahawa nzuri lakini hakuwa na mnunuzi wa maana: vita vilikuwa vimekata njia, kodi na vizuizi vya upande wetu vilikuwa vingi, na ng'ambo ya maji, Rwanda, bei ilikuwa afadhali. Akafanya kile ambacho Robert Merton alikuwa amekieleza tangu 1938: jamii ikimtaka mtu alishe watoto na kuwalipia shule, kisha ikamfungia mlango halali, atatafuta dirisha. Wanaume wakapakia magunia kwenye mitumbwi usiku. Kwa sheria hayo yalikuwa magendo. Kisiwani yalikuwa sabuni, chumvi na daftari, na sijui ni nani angethubutu kumpigia yowe baba aliyevuka kutafuta hayo. Ziwa halikuwa na huruma hiyo. Dhoruba za Kivu huja ghafla, na wajane wa magendo ya kahawa wakawa wengi kiasi cha kuwa kundi linalotambulika kisiwani.

Sasa angalieni kilichopunguza safari zile za usiku. Wakulima walijenga soko lao wenyewe. Ushirika wa CPNCK ulianza mwaka 2011, na wajane wale wakawa miongoni mwa wanachama wake. Marcelline Budza alianzisha Rebuild Women's Hope mwaka 2013, akafanya kazi na wanawake wakulima wa kahawa kisiwani. Kahawa ikaanza kuoshwa na kupimwa hapohapo, ikasafiri mchana ikiwa na jina la Idjwi juu ya gunia. Aliyekuwa mtu wa magendo akawa mwanachama, kwa mikono ileile na miti ileile ya kahawa. Nawaomba sana, kila mnapomwita kijana wa mtaa wa Essence au Panzi mhalifu wa kuzaliwa, mkumbuke magunia hayo.

Visiwa vya maziwa yetu vimewahi kutumika kwa kinyume cha haya. Katika ziwa Bunyonyi, Uganda, kipo kisiwa kidogo cha Akampene ambako wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa waliachwa wafe kwa njaa. Na katika Kivu hilihili, upande wa Rwanda, kisiwa cha Iwawa kimekuwa tangu 2010 mahali pa kupeleka vijana wa mitaani na watumiaji wa dawa za kulevya. Wanafundishwa ufundi, ni kweli, ila kwanza wanaondolewa machoni pa watu. Kumweka mkosaji mbali ni rahisi. Idjwi imejifunza kukaa naye.

Msidhani nawauzia paradiso. Jamii inayojichunga yenyewe inaweza kumnyonga mnyonge bila kelele. Wambuti wa Idjwi walitolewa msituni, wakabaki bila ardhi, na muhogo ukipotea shambani ni rahisi mno kuwataja wao kwanza. Hapo jina limebandikwa kabla ya kosa. Mezani pa wazee pia hukaa wanaume wengi, na kesi ya binti aliyebakwa huweza kuishia kusuluhishwa kwa mbuzi. Hilo si shauri la wazee: sheria za tarehe 20 Julai 2006 zimeliweka mikononi mwa mahakama, na liende huko, hata safari ikiwa ndefu. Halafu uchawi. Mnamo Septemba 2021 wanawake wanane waliuawa katika Kivu Kusini, Kalehe ikiwemo, kwa kutuhumiwa uchawi. Nao waliishi miongoni mwa majirani waliowajua. Kujuana peke yake hakutoshi. Lazima mtuhumiwa awe na wa kumsemea.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linafanyika wiki hii. Kila avenyu ichague watu watano: mkubwa wa nyumba kumi, mama mmoja anayeheshimika, mwakilishi wa motadi (waendesha pikipiki), mtu wa kanisa au msikiti, na kijana mmoja ambaye vijana wenzake humsikiliza. Namba zao ziandikwe ukutani pa duka ambalo wote hununua. Yowe likipigwa usiku, hao ndio waamshwe kwanza, na kazi yao ya kwanza ni kusimama kumzunguka aliyekamatwa hadi aulizwe jina, kwao ni wapi, na nani anamjua. Simu ikipatikana, mamake apigiwe. Kilichoibwa kitafutwe, deni liandikwe, na shauri likiwa ni la damu au la ubakaji lisiguswe, lipelekwe kwa hakimu.

Enyi mnaouza petroli ya vidumu pembeni mwa barabara, usiku wa yowe msiuze hata lita moja. Wachungaji na maimamu, litajeni jambo hili Ijumaa na Jumapili hii. Na wazee wa Bugarula na Monvu kule Idjwi, mnaotufundisha bila kujua, mkikaa tena kuamua shauri la shamba, mwiteni Mmbuti mmoja akae nanyi, si kama mshtakiwa.