Nauli Imeondoka, Ijara Ibaki



Mwandishi atokaye Nairobi kuja Garsen kuzungumza na wanafunzi juu ya kitabu alichokitunga hupoteza siku nzima njiani kwenda na nyingine kurudi, na mvua zikizidi huenda asifike kabisa, kwa kuwa Mto Tana ukifurika, kama ulivyofurika mwishoni mwa 2023, barabara ya Lamu hukatika na vijiji vya delta vikazungukwa na maji. Kwa hiyo ni taabu kuitaja kaunti ya pwani yenye haja kubwa ya ziara za waandishi kwa njia ya mtandao kuishinda hii ya Tana River; na toleo hili, ambalo limeelekea zaidi fasihi katika shule za ukanda huu wa mto, linafunguliwa kwa jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitamka hadharani, nalo ni malipo.

Kila mwaka kabla ya mtihani wa kidato cha nne, shule za Kenya huandaa makongamano ya fasihi ambamo vitabu teule, kama vile Bembea ya Maisha cha Timothy Arege na Nguu za Jadi cha Clara Momanyi, huigizwa na kuchambuliwa, na mwandishi akipatikana hualikwa. Ajapo kwa miguu yake hupewa nauli, chakula na malazi, na wakati wa kuagana hutiwa mkononi bahasha ambayo kiasi kilichomo hakijui mpaka akiwa ndani ya basi. (Bahasha ni adabu njema ya harusini, lakini kwa kazi iliyoombwa kwa barua yenye muhuri wa shule, ni utaratibu dhaifu.) Kisha ikaja Machi 2020, shule zikafungwa kwa ajili ya korona, na waandishi wengi wakakubali kusema na wanafunzi kwa simu na kompyuta pasipo kuomba chochote. Ilikuwa ihsani ya wakati wa dhiki, na aliyeitenda Mungu amjazi. Walakini shule zilipofunguliwa zote Januari 2021, ihsani ile ilikwisha kugeuka kuwa mazoea, na hivi leo mwaliko humfikia mwandishi ukiwa na maneno yale yale: ni saa moja tu, wala hutahitaji kutoka nyumbani.

Basi na tuitazame saa hiyo. Simu ya mwalimu imeegemezwa kwenye kisanduku cha chaki juu ya dawati la mbele; bando amelinunua mwalimu kwa fedha zake; walioketi nyuma hawasikii, na kila swali hubidi mwalimu alirudie kwa sauti kubwa; stima hupotea, kipaza sauti kilichoazimwa kikanyamaza, na mwandishi hungoja mbele ya skrini nyeusi akiuliza kama anasikika. Halafu msichana mmoja husimama akataka kujua kwa nini mhusika fulani ameachwa afe ilhali mwovu amesalimika, na swali hilo haliwezi kujibiwa na mtu asiyeyapitia maandishi yake upya usiku uliotangulia, wala asiyesoma insha alizotumiwa na mwalimu wiki iliyopita. Fundi cherehani akikushonea kanzu akiwa kwake badala ya kuja kwako, utamkata nauli, lakini kanzu utailipa.

Wako wanaosema kwamba mwandishi amekwisha kulipwa kwa mrabaha wa kitabu. Tuchukue kitabu cha shilingi 500, na mrabaha wa asilimia 10: shule ikinunua nakala 40, sehemu ya mwandishi ni shilingi 2,000, atakazozipata mchapishaji atakapofunga hesabu zake za mwaka, na hizo ni thamani ya kitabu, si ya asubuhi aliyoiacha kazi yake. Isitoshe, waandishi wengi hawana kitabu teule wala hawatakuwa nacho.

Hoja ya ufukara wa shule ni nzito zaidi, na haifai kupuuzwa na mtu aketiye mahali penye stima ya kudumu. Serikali iliahidi shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, na mwalimu mkuu ye yote atakwambia jinsi fedha hizo zinavyokuja kwa vipande na kwa kuchelewa, naye ana madeni ya mahindi na maharagwe kabla ya kufikiria fasihi. Lakini katika hesabu za shule hiyo hiyo, mwenye lori la mahindi hakuambiwa kwamba wanafunzi watampigia makofi. Ufukara wa shule ni sababu ya kutafuta mlipaji mwingine, awe serikali ya kaunti, Wizara ya Elimu, au mchapishaji ambaye mazungumzo hayo humwuzia vitabu. Si sababu ya kumtwika mzigo wote mtu mmoja ambaye aghalabu naye ni mwalimu mwenye mshahara mdogo. Na ikiwa ziara hizi zitabaki kuwa za bure, watakaoweza kuzifanya ni wale tu wasiohitaji fedha, na kijana wa Kipokomo au wa Kiorma anayeandika usiku baada ya kazi ya mchana hatakuwa miongoni mwao.

Pwani yetu haikuwa ikiona aibu katika jambo hili. Utendi wa Fumo Liyongo, shujaa ambaye mapokeo yanamweka katika nchi hii hii ya Ozi na Kipini, uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na bwana huyo, aliyekuwa mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, aliwanakilia miswada wataalamu wa Kizungu kwa malipo. Miswada ile ndiyo tunayoitegemea hadi leo. Kwa upande wa pili, watu wa Tana wanayajua vizuri kuliko Wakenya wengine matokeo ya kutoa na kushukuriwa kwa maneno: lahani ya wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963 na kamati ya wanamuziki watano, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto. Ilipita karibu nusu karne ndipo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, ikaliagiza Bunge litunge sheria ya kuhakikisha kwamba jamii zinapata fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa insafu, na sioni kwa nini kalamu itolewe nje ya maana hiyo.

Wala si sisi peke yetu. Mnamo Januari 2016 Philip Pullman, naye akiwa rais wa Chama cha Waandishi cha Uingereza, alijiuzulu ulezi wa tamasha la fasihi la Oxford kwa sababu tamasha lile halikuwalipa waandishi waliozungumza, hali wenye mahema na wapishi wakilipwa. Ikiwa Oxford ilihitaji kukumbushwa, hapana fedheha Garsen kukumbushwa.

Njia iko. Tuseme ijara ya saa moja pamoja na matayarisho yake ni shilingi 12,000: shule sita za ukanda wa mto zikiungana, kila moja itatoa 2,000. Sipendi zizidi sita, maana hapo maswali ya wanafunzi hupotea na ziara ikawa hotuba. Jambo la kurekodi nalo liafikiwe kando, kwa kuwa rekodi inayozungushwa katika makundi ya walimu mwaka baada ya mwaka ni kazi ya pili, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haikumwacha mwenye kazi bila kinga.

Kwa upande wetu, kuanzia toleo hili, kila mwandishi tutakayemwunganisha na shule ya Tana River atapewa kabla ya siku yenyewe karatasi ya maagano yenye saa, idadi ya shule, ijara, tarehe ya kulipwa, na ruhusa au katazo la kurekodi. Mafuriko yakizima mnara wa simu siku hiyo, atalipwa nusu kwa matayarisho aliyokwisha kuyafanya, na nusu iliyobaki itangoja siku mpya.