Gharama ya talaka haianzii mahakamani



Jumapili hii nakualika tutafakari jambo ambalo makanisani hatupendi kulitaja, yaani fedha anazohitaji mtu maskini ili shauri la ndoa yake lisikilizwe. Kuhusu talaka tunahubiri sana. Ni mara chache tunauliza inamgharimu nani, na sisi waamini tunachangia nini katika gharama hiyo.

Katika Injili ya Luka 14:28 Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kupiga hesabu. Mfano ule unahusu kumfuata Kristo, lakini unatufundisha pia kutokuogopa hesabu. Basi tupige hesabu ya mama wa mfano, mkulima wa mahindi katika kijiji cha jirani na Peramiho. Ana watoto wanne. Mumewe anampiga na ameacha kutoa matumizi. Wazee wamekaa vikao, padre ameongea nao, hali haijabadilika.

Wengi hudhani mzigo mkubwa wa mama huyu utakuwa ada ya kufungua shauri. Ada ipo. Hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali na mlipaji anastahili risiti. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kusikiliza mashauri ya ndoa, na katika ngazi hiyo ada ni sehemu ndogo ya safari. Si lazima mtu awe na wakili, na mambo yote huendeshwa kwa Kiswahili.

Kinachommaliza mkulima ni mengine: nauli ya bodaboda na ya gari, ya kwake na ya mashahidi, chakula chao siku ya kesi, fedha ya kuandikiwa maombi na kutoa nakala. Juu ya hayo kuna siku za shamba. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Kesi ikipangwa Januari wakati wa palizi, ikaahirishwa mara tatu, mama anahesabu hasara kwa magunia. Akishinda na mume akakata rufaa, shauri linapanda Mahakama ya Wilaya, na linaweza kufika Mahakama Kuu Songea, hata Mahakama ya Rufani. Kila ngazi ina nauli zake.

Hata hivyo, kabla ya yote hayo kuna mlango wa kwanza, na huo ndio ninaotaka tuutazame vizuri. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinasema mtu hawezi kuomba talaka mahakamani kabla ya kupeleka mgogoro wake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza hilo kuthibitisha kwa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Ziko hali chache zinazosamehewa, kwa mfano mwenzi aliyetoroka na hajulikani aliko, aliyeitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika, au aliyefungwa miaka mitano au zaidi. Wengine wote hupita hapo.

Hati hiyo ina uhai mfupi. Kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa. Mama akichukua hati mwezi wa tatu, akasubiri avune, auze mahindi na kukusanya nauli, akafika mahakamani mwezi wa kumi, hati imeshapitwa na wakati na inambidi aanze upya. Hatari ya kukosa hati halali ni kubwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilipoketi Mtwara ilifuta mwenendo mzima wa shauri la talaka ambalo lilikuwa limeshapita mahakama za chini, kwa sababu hapakuwa na hati halali ya Baraza. Fikiria miaka ile, nauli zile na mashahidi wale, vyote vikapotea kwa ajili ya karatasi moja.

Hapo ndipo Kanisa linapoingia. Mabaraza ya kata hufanya kazi hii ya usuluhishi wa ndoa. Lakini kifungu cha 102 kinampa Waziri uwezo wa kuitambua kamati iliyoundwa na jumuiya fulani, zikiwemo jumuiya za dini, iwe Baraza la watu wake. Kwa hiyo parokia au usharika wenye kamati ya ndoa una jambo la kujiuliza leo: je, kamati yetu imetambuliwa kisheria? Kama haijatambuliwa, iendelee kushauri na kusali na wanandoa, ila iwaambie mapema kwamba hati wataipata kwenye Baraza la Kata. Barua ya padre au mchungaji, muhtasari wa kikao cha ukoo, au muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, hata vikiandikwa kwa nia njema, haviwi hati ya Baraza. Kumwacha mtu asafiri na karatasi isiyofaa ni kumtwisha mzigo ambao sisi wenyewe hatuubebi.

Na kama kamati imetambuliwa, yako makosa ya kuepuka. La kwanza ni kuchelewesha hati kwa makusudi tukidhani tunaiokoa ndoa. Sheria inalitaka Baraza lipatanishe kwa bidii, na likishindwa litoe hati yenye maelezo ya kile lilichokiona. Kumzungusha mtu mwaka mzima hakuponyi ndoa. Mume mwenye fedha atatafuta njia nyingine. Atakayekwama ni yule asiye na kitu. Kosa la pili ni kudai "chai" au "shukrani" ili kikao kikae. Nabii Amosi aliwakemea waliokula rushwa na kuwapotosha wahitaji langoni, mahali ambapo wazee wa Israeli waliketi kuamua (Amo 5:12). Meza yetu ya usuluhishi ni lango la namna hiyo hiyo. Kosa la tatu ni kumrudisha anayepigwa kwa neno moja tu, avumilie. Kifungu cha 66 kinatamka wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata mila zikisema vingine. Huyo apelekwe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi na hospitalini kwanza, na kikao kifuate baadaye.

Je, kwa kusema haya tunaitetea talaka? Hapana. Yesu alipoulizwa na Mafarisayo aliwarudisha mwanzo, kwa Mungu aliyewaunganisha mume na mke (Mt 19:3-9). Hati ya talaka ya Musa aliieleza kuwa ilitokana na ugumu wa mioyo. Lakini tuisome hati ile ilivyo katika Kumbukumbu la Torati 24: mwanamume alipaswa kuiandika na kumkabidhi mke mkononi. Katika jamii ile karatasi ilimpa mwanamke aliyefukuzwa uthibitisho wa hali yake. Pale moyo ulipokuwa mgumu, sheria iliweka angalau ulinzi kwa aliye dhaifu. Naye Malaki (2:14-16), anaposema Mungu ni shahidi wa agano la ndoa, anakemea na ukatili katika fungu hilo hilo.

Mtume Paulo anajua kwamba wapo wanaolazimika kutengana, naye anawataka wakae hivyo au wapatane (1 Kor 7:10-11). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inakubali kwamba talaka ya kiserikali yaweza kuvumiliwa ikiwa ndiyo njia pekee ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au mali, bila kufungua mlango wa ndoa nyingine. Tena Sheria ya Ndoa inaruhusu kuomba amri ya kutengana badala ya talaka, na mahakama inaweza kugawa mali katika hali zote mbili. Waamini wengi hawalijui hilo. Wanadhani wana njia mbili tu, kuivunja ndoa au kuteseka kimya.

Mali nayo si jambo dogo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika hukumu ambayo wanasheria huiita ya Bi Hawa, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mama wa mfano wetu, aliyepika, kulea na kulima, ana sehemu yake. Akishindwa kufika mahakamani kwa kukosa nauli, anarudi kwao mikono mitupu, na watoto wanalala njaa pamoja naye.

Kwa upande wake Kanisa Katoliki limejifanyia marekebisho. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha mashauri ya kuchunguza ubatili wa ndoa na kutaka yatolewe bure kadiri inavyowezekana, watumishi wa mahakama za Kanisa wakilipwa haki yao. Mashauri hayo si talaka, na hayachukui nafasi ya mahakama ya serikali. Lakini wazo la Papa linatuhusu sote: umaskini usimzuie mtu kuujua ukweli wa ndoa yake.

Wamisionari Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 walileta Injili, na kazi yao ikazaa shule, karakana, uchapaji na hospitali. Walijua mgonjwa anahitaji sala na dawa pia. Aliyejeruhiwa katika ndoa naye anahitaji sala na msaada wa sheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi na msaada kwa wasio na uwezo hutolewa bure. Je, ni vigumu parokia kumwalika mmoja wao mara moja kwa mwezi baada ya Misa, aketi na meza yake chini ya mwembe? Je, jumuiya ndogo ndogo inayochanga kwa harusi haiwezi kuchanga nauli ya mashahidi wawili, au kumpalilia shamba mama aliyeitwa mahakamani?

Wanandoa wenye amani, ilindeni mkingali na nafasi ya kusameheana. Wazee wa usuluhishi, pataneni watu kwa moyo wote, na mkishindwa, andikeni ukweli bila kuchelewa na bila kupokea kitu. Ee Mungu uliye shahidi wa kila agano, waponye wanaoumizwa nyumbani mwao, na utufanye sisi kuwa majirani wema katika safari yao. Amina.