Gede si ya watalii pekee

Mkulima wa Kilifi anayepita Gede akielekea sokoni Malindi huona kibao cha kuelekea kwenye magofu, akaendelea na safari yake. Kwake hayo ni mambo ya watalii na watoto wa shule. Dhana hiyo inafaa kubadilika, hasa baada ya UNESCO kuuingiza mji huo wa kale katika orodha ya Turathi za Dunia mnamo Julai 2024. Wageni wanatarajiwa kuongezeka. Swali ni nani atakayewauzia kitu.

Gede ulikuwa mji wa biashara. Uchimbuzi ulioanzishwa na James Kirkman mwaka 1948 ulifukua vyombo vya kaure kutoka China, shanga, taa ya chuma kutoka India na mkasi wa Kihispania. Vitu hivyo havikuletwa na upepo. Wenyeji walikuwa na cha kutoa. Kufikia karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na watafiti ni maji kuzidi kushuka visimani. Mkulima atalielewa hilo upesi kuliko mtalii.

Hata hivyo, somo kubwa liko kando ya magofu, kwenye mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993. Wakati huo majirani wengi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, walitaka ukatwe wagawiwe mashamba. Haukuwa ubaya wa moyo. Ndovu na nyani walikuwa wakila mahindi yao, na msitu haukuwapa chochote cha kuuza kwa halali.

Mradi uliwapa. Mkulima hukamata vipepeo wachache wa kike na kuwaweka katika kizimba cha wavu penye mmea wanaoutagia mayai. Viwavi hulishwa majani hadi wanapojifunga kuwa pupa. Hapo ndipo haraka huanza, kwani pupa hupelekwa kituoni na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye bustani za maonyesho Ulaya na Marekani kabla kipepeo hajatoka. Kuchelewa siku chache ni hasara tupu. Kiwavi, adui wa mboga, hapa ndiye mfugo, na akiba ya mbegu yake ni msitu. Ukikatwa, biashara imekwisha.

Si vyema kuipamba biashara hii kupita kiasi. Mwaka 2020 korona ilipositisha safari za ndege, njia ya kufikia soko ilifungwa. Nchini Tanzania, wafugaji wa vipepeo wa Amani, Usambara Mashariki, walikosa soko la nje kuanzia mwaka 2016 Serikali ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kung'oa mikorosho yake kwa sababu ya vipepeo. Hiki ni kipato cha kuandamana na asali, kuku na minazi.

Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Kaunti ya Kilifi wana kazi ya kufanya. Vikundi vya wakulima vitengewe siku zao kwa kiingilio nafuu, tena baada ya mavuno, si wakati wa palizi. Waonyeshwe vizimba, si magofu tu. Na mipango ya kulipendezesha lango isianze kwa kuwafukuza akina mama wauza madafu na korosho, kwani mji huu ulijengwa na wachuuzi.

Vikundi navyo visisubiri kualikwa. Vinaweza kuchanga nauli ya matatu na kwenda. Kabla ya kununua hata mita moja ya wavu, viulize ni aina gani za vipepeo zinazotakiwa msimu huu, bei ya kila pupa ni shilingi ngapi, na malipo huchukua siku ngapi kumfikia mkulima.