Namba ya Tarakimu 39

Aprili 1876 Mtemi Mirambo, ambaye miaka mitano nyuma aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, alichanjiana damu na msafiri Henry Stanley. Mwaka huohuo Mfaransa Édouard Lucas alitangaza kwamba 2¹²⁷ − 1 ni namba tasa. Tukio la kwanza wanafunzi wa Tabora wanalisoma katika historia. La pili ni nadra kulisikia darasani, na makala hii inadai walisikie.

Namba yenyewe ni 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727. Hadi 1951 haikujulikana namba tasa iliyoipita, na Lucas hakuwa na kompyuta. Kama angetafuta vigawanyo kimoja kimoja, namba moja kila sekunde, angehitaji zaidi ya miaka bilioni 400.

Alipita njia nyingine. Kipimo alichokianzisha, ambacho mwanahisabati D. H. Lehmer alikinyoosha baadaye, kinaanza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba inayopimwa, shika baki, kisha rudia kwa baki hiyo. Kwa 127, yaani 2⁷ − 1, baki zinafuatana hivi: 14, 67, 42, 111, 0. Sifuri imeangukia hatua ya tano, mbili pungufu ya kipeo 7, kwa hiyo 127 ni tasa. Katika Tabora, mji uliokuzwa na biashara ya pembe za ndovu, nguo na shanga, ambako pembe zilipimwa kwa frasila, kugawanya na kushika baki si elimu ya kigeni.

Kipeo kuwa tasa hakutoshi kuifanya namba yenyewe iwe tasa. 11 ni tasa, lakini 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89.

Uzuri mkubwa uko hapa: kipimo kinaweza kutoa hukumu bila kuonyesha kigawanyo hata kimoja. Mwaka huo wa 1876 Lucas alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, ingawa hakujua inagawanyika kwa nini. Jibu lilikuja 1903, Mmarekani Frank Cole alipotoa 193,707,721 × 761,838,257,287. Mwanafunzi anayekaririshwa orodha ya namba tasa chini ya 100 hafikishwi kamwe kwenye mshangao huu, na hiyo ni hasara kubwa. Ni hapo hisabati inapoacha kuwa kuhesabu tu na kuwa kuthibitisha.

Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, kubwa kuliko namba tasa zote zilizojulikana hadi siku hiyo. Ilithibitishwa kwa kipimo hikihiki, safari hii kwa kompyuta.

Walimu wa Shule ya Wavulana Tabora, na wa Milambo, iliyobeba jina la mtemi, wanaweza kuanza na 2¹³ − 1, yaani 8,191. Ni hatua 11, na penseli inatosha.