Nadra kwa hesabu ya nani?

Wanafunzi wetu wa uuguzi wamezoea kusoma kwamba sklerosi ya mabaka, ile inayoitwa SEP hospitalini, ni ugonjwa wa watu wa kaskazini, na kwamba damu ya Mwafrika haiubebi. Toleo hili linahusu magonjwa ya neva, nami nalifungua kwa kuibishia kauli hiyo. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ni uvivu.

SEP hutokea pale kinga ya mwili inapoishambulia ala ya mafuta inayofunika neva za ubongo, macho na uti wa mgongo. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, kwa wanawake zaidi. Jicho moja hufifia wiki kadhaa, kisha huona tena. Mwaka ukipita, mguu unakufa ganzi.

Swali la kwanza la familia ni kama ugonjwa huo ni wa ukoo. Hapa Maniema, Kasongo na Kabambare, tumeujua urithi kwa njia ya SS, yaani selimundu: jeni moja yenye hitilafu kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama, mtoto anaugua. SEP haifuati njia hiyo. Mwaka 2019 watafiti wa mataifa mengi walilinganisha wagonjwa 47,429 na watu wengine 68,374, wakakuta sehemu zaidi ya 200 za jeni zinazoongeza hatari, karibu zote kwa kiasi kidogo mno. Yenye nguvu kuliko zote, HLA-DRB1*15:01, huizidisha mara tatu hivi, na bado wengi walio nayo hawaugui kamwe. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua katika jozi moja hivi kati ya nne. Basi asikatae mtu posa kwa sababu shangazi wa binti ana SEP.

Lakini wagonjwa hao 47,429 walikuwa wa asili ya Ulaya. Anayesema jeni za Mwafrika zinamkinga anasoma daftari ambalo Mwafrika hakuandikwa. Na hapa kwetu huyo Mwafrika ni yupi? Kasongo, mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, ulikutanisha Wakusu, Wazimba, Wabangubangu na Wangwana waliotoka pwani. Wajukuu wa Wamanyema wako Ujiji na Dar es Salaam mpaka leo.

Sayansi yenyewe imewahi kukwama kwa kutomwangalia Mwafrika. Kwa Wazungu jeni mbili jirani, DRB1 na DQB1, hurithiwa pamoja karibu kila mara, kwa hiyo haikujulikana ipi yenye lawama. Jeni zenye asili ya Afrika zimechanganyika kwa vizazi vingi zaidi, na jirani hao hutengana. Mwaka 2004 wagonjwa Wamarekani weusi ndio waliowawezesha watafiti kuielekea DRB1.

Na nusu iliyo kweli? SEP inaonekana kuwa nadra kwenye ukanda wa ikweta, lakini jeni pekee haziwezi kueleza hilo. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba watoto waliozaliwa huko na wahamiaji weusi kutoka Karibi waliugua karibu sawa na Waingereza, ilhali wazazi wao waliugua kwa nadra. Jeni hazibadiliki hivyo kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni mazingira: jua, pengine, na umri wa kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Utafiti wa mwaka 2022 kwa askari wa Marekani ulikuta hatari ya SEP ikipanda mara 32 baada ya maambukizi hayo. Kwetu karibu kila mtoto huyapata angali mgongoni mwa mama. Ulaya wengi huyapata ujanani, na inadhaniwa kuwa ucheleweshaji huo una gharama yake. Wenye jamaa Bruxelles wasishangae wakiletewa habari ya ugonjwa ambao babu hakuujua.

Kisha kuna wasiohesabiwa. Kasongo hatuna IRM, mashine ya kupiga picha za ubongo, wala bingwa wa neva. Mwanamke wa miaka thelathini akija anaburuta mguu, muuguzi ana majina ya kutosha: kifua kikuu cha uti wa mgongo, malale, konzo ya muhogo mchungu. Ukoo nao una lake: amerogwa. Mengi ya majina ya muuguzi ni ya haki, na lazima yachunguzwe kwanza. Ila hakuna anayemuuliza kama jicho lake liliwahi kufifia.

Si kwamba mji huu haujui kuhesabu. Mradi wa Kasongo, ulioendeshwa na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, ulifuatilia watoto wetu, na mwaka 1981 jarida la Lancet likachapisha matokeo yake kuhusu chanjo ya surua, matokeo yaliyobishaniwa kwa miaka mingi.

Ninachowaomba wauguzi ni mistari mitatu tu kwenye fishi: jicho liliwahi kufifia likarudi? ganzi iliwahi kuja ikaondoka? nani mwingine katika ukoo, na anaishi wapi? Wapo watakaouliza faida yake ikiwa dawa hazipo. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za SEP katika orodha ya dawa muhimu, rituximab ikiwamo, ambayo tayari hutibu saratani ya tezi za limfu. Zoni ya afya isiyo na mgonjwa hata mmoja kwenye daftari haina sababu ya kuiagiza.