Filamu Zisemazo Kiswahili, Majina Yasemayo Kiingereza

Wapo walimu wenzetu, nasi twawaheshimu, wanaoshikilia kwamba filamu za Dar es Salaam zinakiharibu Kiswahili. Sisi tunaokifundisha mjini Bujumbura hatukubaliani nao. Mtoto wa nyumba isemayo Kirundi, anayeandika Kifaransa shuleni, anapofika darasani akijua kumwamkia mkubwa kwa shikamoo, tena akitofautisha “alikuja” na “amekuja” kabla hatujamfunza kanuni yoyote, tujiulize amevitoa wapi. Si kwetu. Amevitoa kwa marehemu Steven Kanumba na wenzake.

Lawama yetu iko kwingine, nayo yaonekana wazi katika safari ya msanii huyo. Kanumba alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akajiunga na kundi la Kaole mwanzoni mwa miaka ya 2000, akaigiza katika michezo ya televisheni iliyoitwa Jahazi na Dira. Hayo ni majina yenye chumvi ya bahari. Mwalimu angeweza kulitumia kila moja kwa kipindi kizima. Kisha michezo ikawa biashara ya kanda na diski. Kijana akapanda kutoka uigizaji hadi uandishi, uongozaji na utayarishaji, akawa na kampuni yake mwenyewe. Na hapo ndipo majina yalipogeuka: Dar to Lagos, Uncle JJ, This Is It, The Shock, Devil Kingdom. Hata kampuni yenyewe ikaitwa Kanumba The Great. Ndani ya filamu watu wanagombana, wanatongozana na kuzikana kwa Kiswahili. Juu ya kasha, Kiingereza.

Tutaambiwa kwamba soko ndilo lililotaka. Ni kweli kwamba alilitazama soko la Nigeria, na katika Devil Kingdom aliigiza pamoja na Ramsey Nouah wa huko. Lakini soko gani jingine lilimpokea kama hili la kwetu, la Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki? Mnunuzi wa Buyenzi hakupata chochote katika jina la Kiingereza. Aliiomba filamu kwa kusema “ile ya Kanumba, yenye mtoto,” na muuzaji akapapasa rafu nzima. Wahindi walituletea Sholay ya mwaka 1975 kwa jina lake, na hakuna aliyeikataa kwa sababu hiyo.

Kasumba hii ilimtafuna yeye mwenyewe. Mwaka 2009 alipokaribishwa katika jumba la Big Brother Africa, wengi nyumbani walimcheka kwa Kiingereza chake. Walimcheka watu ambao yeye alikuwa akiwatumbuiza kwa Kiswahili kila mwezi! Sisi twasema kicheko kile na majina yale ya makasha vimetoka tumbo moja: imani kwamba kazi ya Kiswahili haijawa kazi mpaka Kiingereza kiigongee mhuri. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28, maelfu walijaa Leaders Club kumwaga, na waliomlilia walimlilia kwa lugha aliyowaigizia.

Asituambie mtu kwamba jina la Kiswahili halivuti. Filamu yake Ndoa Yangu haikuhitaji mkalimani mlangoni. Tamthilia za miaka ya karibuni, Huba na Jua Kali, zina majina ya kwetu na watazamaji hawajazikimbia. Kwa hiyo twawataka watayarishaji wa Dar es Salaam, ambao hatuwalipi wala hawatujui, waanze na jambo dogo lisilogharimu senti: kila filamu isemayo Kiswahili ipewe jina ambalo mama wa Buyenzi anaweza kulitamka dukani bila kumtuma mtoto wake aliye shule.